"Bure" si "Huria": Uhakiki wa Istilahi za Programu za Mashine-Dhahania

Katika miongozo ya kompyuta iandikwayo kwa Kiswahili imezuka desturi ya kuzigawa programu za mashine-dhahania katika mafungu mawili: "za bure" na "za biashara". Mgawanyo huo ni mwepesi kukumbukwa, lakini hausemi kweli. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa unampotosha mtumiaji wa nyumbani, na kwamba lugha yetu inayo maneno ya kutosha kuuepuka upotofu huo.

Kwanza yafaa tukieleze kitu chenyewe. Mashine-dhahania ni kompyuta isiyo na umbo lake, inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo endeshi unaokaribishwa ndani yake huitwa mgeni. Kwa njia hiyo mwalimu mwenye kompyuta ya Windows aweza kujifunza Linux bila ya kufuta chochote. Vivyo hivyo, karani mwenye programu ya zamani isiyokubali mfumo mwingine ila Windows XP, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia mwaka 2014, aweza kuutenga mfumo huo mbali na mtandao ukaendelea kumtumikia. Baadhi ya wafasiri husema "mashine pepe". Hatuliungi mkono neno hilo, kwa sababu katika "barua pepe" neno pepe limekwisha kubeba maana ya kielektroniki, na hakuna kompyuta ya siku hizi isiyokuwa ya kielektroniki.

Sasa tuutazame mgawanyo wenyewe. VirtualBox ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya Innotek, ikaingia mikononi mwa Sun Microsystems mwaka 2008, kisha Oracle mwaka 2010. Programu yake ya msingi hutolewa kwa leseni ya GPL: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuuchunguza msimbo wake, kuubadili na kuugawa kwa wengine kwa masharti yale yale. Lakini kuna pia kifurushi cha nyongeza, chenye uwezo wa kuifunga diski kwa siri na kuiendesha mashine kutoka mbali. Kifurushi hicho hakilipiwi kwa matumizi binafsi, ya kielimu au ya majaribio. Ofisi ikitaka kukitumia kwa kazi zake haina budi kununua leseni. Mtumishi anayekizoea nyumbani, kisha akakipeleka ofisini kwa kuwa mwongozo ulimwambia ni "cha bure", huiingiza ofisi yake katika uvunjaji wa mkataba. Chanzo cha kosa hilo ni neno.

VMware Workstation inatupa funzo la namna nyingine. Tangu ilipotoka mwaka 1999, toleo lake kamili lilikuwa la kulipia. Broadcom iliinunua kampuni ya VMware mwaka 2023. Mwezi Mei 2024 ikaondoa malipo kwa matumizi binafsi, na mwezi Novemba mwaka huo huo kwa watumiaji wote, ofisi zikiwamo. Je, kwa hatua hiyo imekuwa sawa na VirtualBox? La. Hatusemi kuwa ni programu dhaifu. Kwa michoro ya pande tatu, mgeni wa Windows mara nyingi huenda vizuri zaidi ndani yake. Tunalosema ni kwamba msimbo wake umebaki kufungwa, na aliyeiondoa bei ndiye awezaye kuirudisha. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kinyume chake ni UTM, programu ya kompyuta za Apple iliyojengwa juu ya QEMU, kazi iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Msimbo wa UTM uko wazi na programu yenyewe hupatikana kwa watungaji wake bila malipo, hali inauzwa pia katika duka la Apple. Kumbe kilicho huria chaweza kuuzwa! Parallels Desktop, ya kompyuta hizo hizo za Apple, hulipiwa na msimbo wake umefungwa.

Kwa hiyo maswali ni mawili, wala si moja. La kwanza ni la bei: programu ni ya bure au ya kulipia? La pili ni la haki: ni huria au ni funge? Neno "funge" si geni kwa walimu, maana wanalitumia katika "silabi funge". Tunalipendelea kuliko "yenye hakimiliki", kwa kuwa hata leseni ya GPL husimama juu ya hakimiliki. Neno "biashara" nalo libakie kueleza aina ya matumizi, lisiwe jina la aina ya programu.

Msomaji asidhani kuwa huu ni ubishi wa maneno matupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu. Mfasiri atakaye kuzitia menyu za VirtualBox katika Kiswahili hahitaji kumwomba mtu; atakaye kufanya hivyo kwa VMware Workstation hana budi kumsubiri mwenyewe, hata kama halipi senti. Programu ya bure hutuondolea gharama, bali programu huria hutupa nafasi ya kuitia lugha yetu ndani yake.

Waingereza wana neno moja kwa maana zote mbili, nao hulazimika kulifafanua kila walitumiapo. Sisi tunayo mawili, na kila moja lina maana yake. Mfasiri anayeandika "bure" mahali pa "huria" huiingiza katika Kiswahili kasoro ambayo Kiswahili hakikuwa nayo.