Mwanagenzi Mkahawani: Fanani na Hadhira Isiyoalikwa

Neno mkahawa limetokana na kahawa, nayo kahawa, tangu ilipoanza kunywewa hadharani, imeandamana na mazungumzo. Huko Uingereza, Mfalme Charles wa Pili alipotoa amri ya kufunga mikahawa mnamo Desemba 1675, hakuogopa kinywaji bali maneno yaliyosemwa humo. Amri hiyo ilifutwa kabla ya kutekelezwa. Katika mabaraza ya Mombasa na Lamu vilevile, muuza kahawa na dele lake huwafuata wazungumzaji walipo. Hivyo basi, mwimbaji mwanagenzi aingiapo mkahawani na gita na kipaza sauti, jambo la kwanza la kuhakikiwa si sauti yake, bali ni mahali alipoingia.

Kero itokanayo na uimbaji huo ni ndogo, lakini ina mafunzo kwa wahakiki wa fasihi simulizi. Aghalabu hudhaniwa kwamba msikilizaji huudhika kwa kuwa mwimbaji hajaiva. Dai hilo halitoshi. Msikilizaji huyohuyo humwona mtoto wa jirani akikosea wimbo arusini, naye asiudhike, tena humshangilia. Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Uzito wa methali hii umo katika neno kwao. Arusini, hadhira imekuja kwa ajili ya shughuli ile, inamjua fanani, na ina njia za kumjibu: kigelegele, tuzo, au kimya. Mkahawani, mnywaji amekuja kuzungumza na mwenziwe. Sasa yampasa ama apaze sauti na kumvunjia mwimbaji heshima, ama anyamaze na kuyaacha mazungumzo yake. Wimbo ukiisha, hupiga makofi kwa adabu tu. Na makofi ya adabu humpotosha mwanagenzi, kwani hayamwonyeshi alipokosea wala alipopatia.

Hata hivyo, haifai kuhukumu kwamba wanagenzi wafukuzwe. Mwanzo wa ngoma ni lele. Katika mtaa wa Greenwich Village, jijini New York, mapema katika miaka ya 1960, vijana waliimba mikahawani na kupitisha kikapu cha kuchangiwa fedha. Miongoni mwa walioimba katika mikahawa ya mtaa huo alikuwa Bob Dylan, aliyefika jijini humo mnamo Januari 1961, na ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kikapu kile kilifanya kazi ya mhakiki: hadhira isiyoridhika iliweza kukiacha kipite kitupu.

Mfano ulio bora zaidi watoka Leipzig, Ujerumani. Katika mkahawa wa Zimmermann, kikundi kilichoasisiwa na Telemann mwaka 1702, ambacho wengi wa wapigaji wake walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, kilipiga muziki chini ya uongozi wa Johann Sebastian Bach kuanzia mwaka 1729. Katika miaka ya 1730 Bach alitunga hata kantata ya kuchekesha juu ya binti asiyekubali kuacha kahawa. La kuzingatiwa hapa ni kwamba maonyesho hayo yalikuwa na siku na saa maalumu. Aliyefika siku hiyo alijua kwamba amekuja kusikiliza, na aliyetaka mazungumzo aliweza kuja siku nyingine.

Kwa hiyo, kosa si la mwimbaji wala la mnywaji, bali ni la mwenye mkahawa anayewakutanisha pasipo mwaliko wala mapatano. Siku na itangazwe, kipaza sauti kiwekwe kando, na hadhira iachiwe njia ya kujibu. Bila ya hayo, mnywaji atapoteza mazungumzo yake, naye mwanagenzi atarudi nyumbani na makofi mengi, asijue kama wimbo wake ulisikilizwa.