Kukivizia Kinachopita

Wavulana watatu, uchi kama walivyozaliwa, wanakimbilia mawimbini. Wametupa migongo, hatuoni uso hata mmoja. Nuru imewageuza kuwa weusi watupu mbele ya povu jeupe, mikono na miguu imetawanyika kila upande, na bado kila mwili unasomeka. Ni picha ya Martin Munkácsi, Mhungari, aliyoipiga mnamo 1930. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ufukwe ule ni wa Ziwa Tanganyika. Wengine leo wanasema ni pwani ya Liberia. Mimi, kwa kuyatazama yale mawimbi, naelekea kwa hao wa Liberia, ingawa ningependa wawe watoto wa kwetu.

Kijana mmoja wa Kifaransa aliyesomea uchoraji, Henri Cartier-Bresson, aliiona picha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1932 akanunua kamera ndogo aina ya Leica. Hata uzeeni alisema ndiyo iliyomtia moto. Namwelewa. Mchoraji ana siku nzima ya kuusogeza mkono wa mtu kwenye turubai, autoe hapa aupeleke pale mpaka ukae vizuri. Munkácsi hakuwa na siku. Watoto walikuwa wakikimbia, na mpangilio ule haukudumu hata muda wa kupepesa jicho, lakini umekaa sawa kuliko michoro mingi iliyosumbukiwa mwezi mzima.

Watu husema ni bahati. Siamini. Munkácsi alianza kazi kwa kuripoti michezo huko Budapest, na anayeshinda viwanjani hujifunza mapema kwamba picha ya kinachokwenda hutungwa kabla hakijafika. Unapanga mahali pake pangali patupu. Unachagua ukuta, unachagua kona, unaangalia nuru inaangukia wapi na upeo wa macho unapita wapi, unaamua kipi kibaki nje. Kisha unangoja mwenye mwendo aje ajaze nafasi uliyomwekea. Akija vingine, mwache apite.

Nitoe hesabu kidogo, maana kuna imani kwamba kasi ya kamera imeumaliza ufundi huu. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, wastani wake ulikuwa karibu mita 5.8 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, mwili wake unasogea milimita 6 tu, na hata kamba za viatu zitaonekana. Tena ziko kamera zinazopiga picha 20 kwa sekunde, na zaidi. Si utabonyeza tu, ukachague nyumbani? Lakini kati ya picha moja na inayofuata, kwa kasi hiyo ya 20, Kipchoge amekwishasogea sentimita 29. Ndani ya sentimita hizo mkono umeziba kifua, mkimbiaji mwingine ameziba mkono, na nguzo ya taa iliyoko nyuma imeota juu ya kichwa cha bingwa. Na hata mashine ingenasa kila kitu, haikuchagulii pa kusimama. Picha mia mbili zilizopigwa kutoka mahali pabaya ni picha mbaya mia mbili.

Waliofanya kazi na kamera zenye kioo ndani wanalijua vizuri zaidi hili la kutunga picha kabla. Kioo kile huinuka ili mwanga uifikie filamu, na kinapoinuka, jicho la mpigapicha huona giza. Kwa hiyo alichokiona hakikuingia kwenye picha, na kilichoingia hakukiona. Ukiuona mpira ukigusa kichwa cha mshambuliaji, ujue umeukosa. Wapigapicha wa magazeti waliotuletea soka kwa kamera hizo miaka nenda miaka rudi walikuwa wakibonyeza kwa kuyasoma mabega ya mchezaji kabla hajaruka, wakiwa wameinama nyuma ya goli, mvua ikinyesha. Majina yao yaliandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa picha, mara nyingine hayakuandikwa kabisa. Wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Ukitaka kuona jinsi mahali pa kusimama panavyoamua mambo, nenda Shela, Lamu, kwenye mashindano ya mashua ya Mwaka Mpya. Kaskazi inavuma, matanga yamejaa, mabaharia wameketi juu ya ubao uliotokezwa nje ya ubavu ili chombo kisilale, na ufukwe mzima unapiga kelele. Mgeni wa kazi hii husimama penye watu wengi, akaikimbiza kila mashua kwa lenzi ndefu, na hurudi na matanga mengi meupe katikati ya buluu. Yanapendeza, ila hayaendi popote.

Mzoefu hulitafuta boya ambako vyombo hugeukia. Pale ndipo mashua hupunguza mwendo na kazi ya watu ikaonekana. Tanga la pembetatu haligeuki lenyewe: lazima lihamishwe na foromali yake upande wa pili wa mlingoti, waliokaa juu ya ubao wahame wote kwa pamoja, nahodha akipaza sauti, huku chombo cha pili kikija nyuma kwa kasi na hakina nia ya kungoja. Miili inakunjuka na kukunjana, na mara moja tu, kwa kitambo kifupi mno, kila mtu yuko peke yake kwenye fremu, mmoja amevuta kamba, mmoja ameruka, mmoja bado anamtazama nahodha. Hicho ndicho kitambo cha kuvizia, na humjia aliyekwisha kulitazama boya hilo likizungukwa na vyombo vilivyotangulia.

Kisha mzoefu hushuka chini. Ukipiga kutoka juu ya gati, bahari inakuwa nyuma ya mabaharia na miili yao inazama katika rangi ya maji. Ukipakia mtumbwi, jicho likawa karibu na mawimbi, upeo unashuka, na watu wale wanapanda mbinguni, kila kiwiko na kila goti likiwa na mpaka wake. Jua nalo likiwa nyuma ya tanga, kitambaa huanza kung'aa na viraka vyake vyote huonekana, kila kimoja na umri wake. Ningetoa matanga yote meupe ya lenzi ndefu kwa tanga moja la namna hiyo.

Wanaofundisha upigapicha huagiza kwamba uache nafasi mbele ya anayekwenda, apate pa kwendea. Ni agizo jema, na mara nyingi nalifuata. Lakini chukua fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Februari 2, 1974. Filbert Bayi alishika uongozi tangu mwanzo, akawaacha wenzake, akamaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Wahenga wanasema kutangulia si kufika. Siku ile Bayi alitangulia na akafika. Nafasi iliyobeba habari katika mbio zile haikuwa mbele yake. Ilikuwa nyuma: ule uwazi kati ya mgongo wake na kundi, uliopanuka mpaka ukatisha, kisha ukaliwa hatua kwa hatua na John Walker wa New Zealand hadi mwisho, ambapo Walker naye aliipita rekodi ya zamani. Kumbana Bayi peke yake ndani ya fremu ni kupata mwanariadha hodari. Kumsogeza ukingoni kabisa, kifua kikikaribia kutoka nje ya picha, na kuuacha uwazi ule uenee nyuma yake, ni kuzipata mbio zenyewe.

Wala si lazima kila kitu kitoke kikali. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, alipiga picha ya gari la mashindano huku akiligeuzia kamera lilivyokuwa likimpita. Shata ya kamera yake ilikuwa ni ufa unaosafiri mbele ya bamba, hivyo sehemu moja ya picha ilipata mwanga kabla ya nyingine. Gurudumu likatoka limevutika kwa mbele, watazamaji wa kando wakalalia nyuma, na gari lenyewe likakatwa na ukingo. Sijaona picha nyingine ya gari inayokimbia namna ile.

Njia hiyo ya kukifuata kinachopita kwa kamera unaweza kujifunza kwenye barabara yoyote yenye bodaboda. Weka shata kwenye sehemu ya 30 ya sekunde; kwa muda huo pikipiki ya kilomita 40 kwa saa husogea sentimita 37. Elekeza miguu pale utakapobonyeza, si pale anapotokea, kiuno ndicho kizunguke, viwiko vibane mbavu. Mpokee mbali, mfuate kwa mwendo wake, bonyeza bila kusita, na uendelee kumfuata hata shata ikishafunga, maana anayekaza kiuno wakati wa kubonyeza hukata mwendo katikati. Nyuma yake chagua maduka yenye rangi, kwa sababu ukuta mtupu hauna cha kuvutika kuwa mistari. Na usimkazie macho dereva. Yeye anatazama barabara, uso wake haubadiliki sana. Mwenye habari ni abiria: mwanafunzi aliyesinzia begani kwa mtu asiyemjua, mama aliyekumbatia kuku, mzee aliyeibana kofia yake isipeperuke. Barabara ukishaichagua, na ukuta ukishaupata, mngoje huyo.