Heko kwa Wanaowavusha Watoto Usagara

Usagara, wilayani Misungwi, ni njia panda: barabara ya Mwanza–Shinyanga inakutana hapa na ile ya Sengerema na Geita. Zamani kivuko cha Kigongo–Busisi kiliyaachia magari kwa mafungu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lichukue nafasi yake Juni 2025, yanapita mfululizo, usiku na mchana, kando ya makazi ya watu.

Ndiyo maana nawapa heko askari wa usalama barabarani, walimu na wazazi wanaowafundisha watoto kuvuka: simama ukingoni, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, vuka kwa kutembea, usikimbie. Mkono wa askari mwenye sare nyeupe ukiinuka, lori linasimama, na watoto wanavuka wamekumbatia madaftari yao.

Kazi hii ina matunda. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend liliunganisha elimu hiyo na matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule. Mwaka 2019 likapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross Center. Usagara nayo inastahili matuta, vivuko na njia kama hizo. Nawe dereva, mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi: punguza mwendo, uwaunge mkono askari, walimu na wazazi hawa.