Kura mbili, mjadala mmoja

Lori zito na gari dogo vinagongana uso kwa uso. Lipi linalisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Mwaka 1990 Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio la maswali ya aina hiyo, akihofia kwamba wangeona anawapotezea muda. Jaribio lilikuwa limetungwa na Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, waliochapisha matokeo yao mwaka 1985. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: ajibu kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna anavyofikiri mwenyewe siku zote? Wengi walioweza kukokotoa hesabu ngumu walikwama kwenye lori na gari, ambavyo kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton husukumana kwa kani iliyo sawa.

Mwaka uliofuata Mazur alibadili mhadhara. Alifundisha kwa dakika chache, akaweka swali moja la dhana lenye majibu ya kuchagua, akawaacha wanafunzi wafikiri kimya. Kila mmoja alipiga kura yake. Kisha wakageukiana na kujaribu kushawishiana kwa hoja, dakika moja au mbili, wakapiga kura tena. Ndipo mhadhiri akaeleza.

Mpangilio huu unategemea sana uteuzi wa swali. Waliopata wakiwa wachache mno, mjadala hauna pa kuanzia. Wakiwa karibu wote, hakuna wa kushawishiwa. Mazur na Catherine Crouch, walipotathmini miaka kumi ya kazi hiyo mwaka 2001, walipendekeza swali ambalo kura ya kwanza inaliweka kati ya takriban theluthi moja na asilimia 70 ya majibu sahihi.

Kura ya kwanza, ile ya peke yako, ndiyo kiini cha ufundi wote. Mwanafunzi aliyekwisha kuchagua jibu ana jambo la kulitetea. Aliyeambiwa tu “jadilianeni” humsubiri mwenye sauti kubwa. Mhadhiri anayeiruka ili kuokoa dakika moja anapoteza mjadala wenyewe. Tena haidai mitambo: wanafunzi wa mwanzo wa Mazur walitumia hata kunyoosha mikono na kuinua kadi, kabla ya vifaa vya kupigia kura kuenea.

Lakini kura ya pili ikipanda, je, wameelewa au wamemfuata jirani hodari? Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walilishughulikia hilo katika darasa la jenetiki la wanafunzi wapatao 350. Baada ya mjadala waliwapa swali la pili, lenye dhana ileile katika sura nyingine, wakalijibu kila mtu peke yake bila kuongea. Kwa wastani wa jozi 16 za maswali, waliopata walikuwa asilimia 52 kabla ya mjadala, 68 baada yake, na 73 katika swali jipya. Zaidi ya hapo, hata vikundi ambavyo huenda havikuwa na yeyote aliyejua jibu mwanzoni vilipiga hatua. Hoja zenyewe ziliwafikisha.

Upande wa alama ndipo wengi huharibu. Mark James, aliyerekodi mazungumzo ya wanafunzi wa kozi za elimu ya nyota na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 2006, aliona kwamba jibu kosa lilipopewa alama kidogo, mwenye ujuzi zaidi alitawala maongezi na mwenzake akakubali tu. Kosa lilipopewa alama sawa na jibu sahihi, wote wawili walizungumza kwa uwiano zaidi, na tofauti za mawazo zikajitokeza wazi. Mazur, kwa upande wake, aliuweka uzito mahali pengine: maswali ya dhana aliyaingiza kwenye mtihani, ambako kila mwanafunzi huandika bila jirani wa kumuuliza.