Ufundi wa Kukaa kwa Watu

Kutoka Nairobi hadi Kampala ni kilomita zipatazo 650, na basi huzimaliza kwa usiku mmoja. Kukaa Kampala mwezi mzima ndani ya nyumba ya mtu, mkala humo na kulala humo, kisha mkaondoka huku mwenyeji akisisitiza mrudi, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo kazi ninayotaka kuisifu hapa. Mimi na mume wangu tumekuwa tukiifanya tangu watoto walipoanza kujitegemea. Tunafunga mlango wetu hapa Kabiria, Nairobi, tunakwenda kuwazuru ndugu na marafiki Uganda, Rwanda na Tanzania, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba huu ni ufundi kamili, wenye mafundi wake na wanagenzi wake.

Majirani wa ploti yetu hutuuliza pesa tunatoa wapi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kinachomaliza pesa njiani ni mwendo na malazi. Anayezunguka nchi tatu kwa wiki mbili analipa nauli karibu kila siku, gesti kila usiku, na hoteli kila akisikia njaa. Anayetulia mahali pamoja hulipa nauli mara moja, kisha akaishi kwa bei ya soko: ndizi, maharagwe, unga, sukari, mkaa. Mpwa wangu hubaki nyumbani kwetu akilipa kodi, nasi tunaishi kule kwa kiasi kilekile ambacho tungekitumia huku. Kwa hiyo safari yetu inapokuwa ndefu ndipo inapokuwa nafuu. Lakini urefu huo haununuliwi kwa pesa. Unategemea moyo wa mwenye nyumba, na moyo wa mtu huchoka. Ufundi wote uko hapo, katika kuufanya usichoke.

Sheria kwa upande wake imetufungulia njia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine na kupewa pasi ya hadi miezi sita bila malipo. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kwa Tanzania tunabeba pasipoti. Pale mpakani, Busia na Namanga, tangu 2018, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na foleni zilizokuwa zikila nusu siku zimefupika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho, tangu 2016, ni cha maisha. Nayataja haya kwa shukrani, maana baba mkwe wangu aliishi wakati mwingine. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Dada yake alikuwa ameolewa Moshi. Mlima Kilimanjaro waliuona wote wawili, huyu akiwa Loitokitok na yule kule ng'ambo, na mazishi ya mama yao dada hakuyahudhuria.

Huyo baba mkwe alikuwa mtu wa reli. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa likiwahamisha wafanyakazi wake kama lipendavyo, leo Voi, mwaka kesho Tororo, baadaye Tabora, na kila alikopangwa aliacha urafiki, na urafiki ukazaa undugu wa ndoa. Ramani ya safari zetu ilianzia hapo. Sehemu nyingine ya ramani imetokea mlangoni petu. Kawangware, Riruta na Kabiria zimewapokea watu wengi waliokimbia vita Kongo, Rwanda na Burundi. Tumekaa nao ploti moja, tumetumia bomba moja la maji, watoto wamesoma pamoja. Baadhi yao walirudi kwao, na siku waliyoondoka walisema yale ambayo kila anayeondoka husema: mje kwetu. Sisi tulikwenda.

Jambo la kwanza ambalo fundi wa kazi hii hulijua ni kalenda ya nyumba anayokwenda. Januari hatutii mguu Tanzania, kwa sababu ndio mwezi wa kufungua shule, na mwenyeji mwenye watoto wanne yumo katika hesabu za sare na madaftari. Rwanda mwaka wa masomo huanza Septemba, kwa hiyo Agosti na Septemba tunawaachia nafasi. Kwa ndugu wakulima tunakwenda msimu wa kuvuna au kupalilia, wakati mikono ya ziada ina thamani, wala si ule mwezi ambao ghala liko tupu na mama wa nyumba anapima unga kwa macho. Mtu akikuambia "karibu wakati wowote" amekuheshimu, nawe mheshimu kwa kuutafuta wakati wake mwenyewe bila kumuuliza.

Mizigo ni begi moja kila mtu, na kiondo changu. Leso ndiyo mfalme wa safari: ni shuka, ni taulo, ni pazia pale tunapolala sebuleni, ni kifungashio cha zawadi. Na kifungashio ni jambo la kufikiria, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania 2019; mgeni anayefika mpakani na karatasi za nailoni anaanza ziara kwa kupekuliwa. Zawadi zetu huanza na majani ya chai ya Kenya, mepesi kubeba na yanayopendwa kila mahali. Kutoka hapo mume wangu ana utaratibu wake ninaoupenda sana. Kila nyumba tunayoondoka tunanunua kitu cha pale na kukipeleka nyumba inayofuata: dagaa wa Mwanza wanakwenda Moshi, kahawa ya Moshi inakwenda Unguja, karafuu za Unguja zinapanda boti kurudi bara. Wenyeji wetu, ambao wengi wao hawajawahi kuonana, sasa wanaulizana hali kupitia kwetu. Kubeba namna hii ni desturi ya zamani. Selemani bin Mwenye Chande, ambaye masimulizi ya safari yake ya bara yamo katika mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, anaeleza hongo waliyotakiwa kuitoa kwa watawala wa njiani kabla ya kupita. Sisi hatutozwi na mtu, ila bado naona ni haki mlango usifunguliwe kwa mikono mitupu.

Halafu kuna jembe. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu, na wengi huisikia kama onyo la kufukuzwa. Sisi tumeishi kwa kuiamini kinyume chake: mwenye jembe ndiye anayeruhusiwa kukaa. Mgeni anayehudumiwa hana budi kuondoka karibuni, kwani nyumba haiwezi kufanya sikukuu kila siku. Mgeni anayefanya kazi amekuwa mkono mmoja zaidi, na mkono haufukuzwi. Kwa hiyo siku ya kwanza tunakubali kukirimiwa, maana kukataa ukarimu ni ufidhuli. Siku ya pili naingia jikoni na kutazama. Ninatazama tu: sufuria zinakaa wapi, nani huamka kwanza, maji hutekwa saa ngapi. Siku ya tatu nachukua kazi moja, ndogo na ya kila siku, na kuifanya yangu.

Kazi hiyo hutofautiana, na kujifunza kila moja kumenipa furaha kubwa. Jinja, kwa shemeji, ni kumenya matoke. Wanawake wa kule humenya ndizi mbichi kwa kisu kidogo upesi mno, bila kupoteza nyama ya ndizi, kisha wanazifunga katika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke. Nilikaa juu ya mkeka wa wifi yangu siku nyingi kabla kisu hakijanitii. Unguja ni kukuna nazi, na kama ni Ramadhani, basi kuanzia alasiri unakalia mbuzi huku muhogo na ndizi za futari zikisubiri tui. Mume wangu si Mwislamu, lakini mwezi huo hufunga pamoja na wenyeji ili nyumba isiwashe jiko mchana kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo lilimpa heshima kwa wazee wa mtaa ule ambayo hakuna zawadi ingeweza kuileta.

Na Rwanda jembe lenyewe huja mkononi, bila methali. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, magari husimama, watu hutoka mtaa kwa mtaa kufyeka, kuzibua mitaro, kutengeneza barabara, kupanda miti. Kazi ikiisha wanakaa kikao na kujadili mambo ya mtaa. Jirani yetu wa zamani wa Kabiria, ambaye sasa anakaa pembezoni mwa Kigali, alinizuia mlangoni. "Dada, wewe ni mgeni, baki na watoto." Nikamwambia, "Mama, kule Kabiria uliposhika ufagio nasi mfereji ulipoziba, nani alikuita mgeni?" Akacheka, akanipa jembe. Tulichimba mtaro na watu ambao hatukujua lugha yao ila salamu, na mchana wa siku hiyo nilipokwenda dukani muuzaji alinipokea kama mtu wa pale.

Kuna upande wa ufundi huu unaohusu watu wawili tu. Mume na mke walio ndani ya nyumba ya wengine hawana ukuta wao. Wakinuniana, nyumba nzima inakosa hewa. Sisi tuna matembezi ya jioni, na yanaheshimiwa kuliko chakula. Ndipo tunapohesabu pesa, ndipo tunapogombana ikibidi, na ndipo tunapopimana kama muda wa kuondoka umekaribia. Pesa anatunza yeye, watu natunza mimi. Nauli ya kurudi imeshonwa ndani ya begi na haiguswi hata kwa dharura ya mwenyeji. Kwa dharura hiyo tuna mfuko mwingine, maana katika ziara ndefu msiba au ugonjwa utawakuta, na mgeni asiyechangia msibani ni mgeni kweli. Nimejua mengi kuhusu mume wangu kwa kumwona akiwa mgeni. Nyumbani ni mtu mkimya. Kwa watu yeye ndiye anayewaketisha wazee na kuwauliza habari za ujana wao, na huwasikiliza mpaka taa zinazimwa.

Kuondoka kuna wakati wake pia, nao ni pale ambapo bado unapendeza. Dalili tunazijua: watoto wameanza kunyimwa chumba chao kwa muda mrefu mno, au mwenyeji ameanza kutusimulia hadithi aliyokwisha kutusimulia. Tunatangaza safari mapema, tunanunua gunia la mkaa au mtungi wa gesi dakika za mwisho ili lisigeuke mjadala, tunafua shuka tulizolalia.

Malipo ya yote haya hufanyika Kabiria. Nyumba yetu ni chumba na sebule, na makochi yake tuliyachagua kwa urefu. Waliolala hapo ni wengi: aliyefuata matibabu, aliyekuja usaili wa kazi mjini, msichana wa Moshi aliyekuwa akingoja ndege ya kwenda Uarabuni kutafuta kazi, na ambaye simu zake bado tunazipokea. Asiyepokea watu hawezi kusafiri kama sisi, hata awe na nauli ya kuzunguka dunia. Mwezi ujao zamu ni ya shemeji wa Jinja na mkewe. Kwao sisi ndio nchi ya nje. Wanataka kuviona vilima vya Ngong, na wanataka kupanda treni ya Mombasa kutoka Syokimau. Watakaa mpaka mvua ziishe. Mume wangu amekwisha kuazima godoro kwa jirani wa nyumba ya tatu, nami nimempigia wifi simu kumwambia kwamba sukuma wiki ya ploti hii hukatwa nyembamba kama uzi, na kisu chake ninacho.