Mayai matatu ya pengwini na marafiki wawili

Wengi wakisikia jina la kitabu The Worst Journey in the World (1922) hudhani safari inayotajwa ni ile ya Kapteni Scott kwenda Ncha ya Kusini. Sivyo. Apsley Cherry-Garrard anaizungumzia safari nyingine: marafiki watatu waliotoka katikati ya majira ya baridi ya Antaktika, Juni 1911, jua halichomozi kabisa, kwenda kumtafuta ndege.

Ndege mwenyewe ni yule pengwini mkubwa kuliko wote, anayetaga msimu huohuo wa giza, juu ya barafu. Edward Wilson, daktari na mchoraji wa ndege, aliamini kiinitete chake kingeonyesha uhusiano wa ndege na reptilia. Wa pili ni Henry Bowers, waliyemwita Birdie. Wa tatu ni mwandishi, kijana wa miaka 25, haoni mbali bila miwani, na kwa baridi ile miwani haivaliki. Wiki 5, nyuzi 60 chini ya sifuri. Hema likapeperushwa na tufani, kwa bahati wakaliokota. Waliokota mayai 5, yakafika 3.

Basi, wengi hukisoma kama kitabu cha mashujaa. Mimi naona tunakikosea. Tazama mwandishi anatua wapi: kwenye adabu. Mambo yalipochacha kabisa, anasema, bado waliambiana tafadhali na asante. Bowers anambembeleza achukue shuka lake la manyoya la kuongezea joto; anakataa, mwishowe anachukua, na aibu inamkaa.

Wapenzi wa ndege watalalamika kwamba pengwini wanaonekana kidogo mno, na kweli. Ila kuna jambo moja halisahauliki: baadhi yao, kwa hamu ya kulea, walikuwa wanaatamia mabonge ya barafu.

Kitabu kilipotoka, Wilson na Bowers walikuwa wamekufa miaka 10, hemani pamoja na Scott. Cherry-Garrard alikuwemo kwenye kundi lililowakuta. Ndiyo maana sura ya safari hii inasomeka kama matanga. Anawataja wenzake kama tunavyowataja marehemu wetu, kwa vitu vidogovidogo.

Panapomshinda ni pale anapoyapeleka mayai makumbusho, London. Anageuza tukio kuwa mchezo wa kuigiza, wenye majibizano na kejeli. Inachekesha, lakini hasira inamzidi, na yule wa makumbusho anabaki kikaragosi. Ripoti ya viinitete ilikuja kutoka 1934, nayo haikuona kwamba vimeongeza mengi.

Jamani, kitabu ni kinene. Ukikosa muda, soma sura ya "The Winter Journey" peke yake, polepole, ukiwaangalia zaidi wale watu wawili anaotembea nao.