Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walipotuambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walikusudia kutuonya tusihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Onyo hilo ni jema, nasi hatulipingi. Lakini katika makala haya tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuligeuze kidogo. Tunataka tusimame mlangoni kwa kitambo kabla ya kuingia, tuulize: mlango huu umeundwa na nani, kwa kitu gani, na siku utakapoharibika ni nani atakayeutengeneza? Maana uhakiki wa utamaduni hauishii kwenye mashairi, ngoma na vinyago peke yake. Nyumba nayo ni kazi ya sanaa, ambayo wengi wetu twaishi ndani yake pasipo kuisoma.

Tumeichagua Segerea, katika Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam. Wananchi wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza lake. Lakini Segerea ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wetu kwa sababu nyingine: ni kitongoji kilichojengwa na wakazi wenyewe, kidogo kidogo, kadiri ya mshahara na biashara. Mwaka huu mtu huchimba msingi, mwaka wa pili akapandisha boma, kisha akamwaga lenta, kisha akapaua. Mwisho, akijaliwa, ndipo huja milango, madirisha, dari na marumaru. Kwa hiyo mtu akipita kutoka Tabata kuelekea Kinyerezi ataona nyumba za kila umri zikiwa zimesimama pamoja, na kando ya barabara ataona maduka ya vifaa vya ujenzi yakitazamana na karakana za mafundi. Dukani umeegemezwa mlango wa chuma ulioletwa kutoka China ukiwa umekamilika, una kitasa na bawaba zake, umepakwa rangi ya kuigiza mbao hata kwa mbali ukadhani ni mninga. Katika karakana, seremala angali anapiga randa. Mteja amesimama katikati yao, na mfuko wake u mwepesi. Huo ndio mgogoro tutakaousimulia.

Kwanza kabisa yatupasa kuondoa hoja moja nyepesi. Wako wasemao kwamba kila kilichotoka ng'ambo ni adui wa utamaduni wetu, na husoma methali ya mwacha asili ni mtumwa kana kwamba ni sheria ya forodha. Hoja hiyo haina mashiko. Pwani yetu imepokea vifaa vya wageni kwa karne nyingi. Milango mingi ya nakshi ya Unguja ilichongwa kwa msaji uliosafirishwa kutoka Bara Hindi. Bati lilipofika miji ya pwani lilikuwa kitu kigeni kabisa. Watu wakalitia juu ya nyumba ya miti na udongo mahali palipokuwa na makuti, na wale wasioweza kununua bati wakakunjua madebe. Lakini angalia mafundi walivyolipokea. Katika Gerezani na mitaa mingine ya jiji walilikata, wakalikunja na kulilehemu, wakatoa koroboi, karai, ndoo, masanduku na majiko. Bati likapata Kiswahili chake na watoto wake. Saruji nayo watu waliiita udongo ulaya. Tangu mwaka 1966 imetengenezwa Wazo, na leo mwashi huichanganya kwa kokoto na mchanga wetu kwa kipimo anachokijua yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hicho ndicho kipimo. Kitu cha kigeni huwa chetu pale fundi wetu anapoweza kukiunda upya, kukitengeneza kikiharibika, na kumfunza mwenzake namna ya kukitumia.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1977, katika taarifa yake juu ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi. Alikemea tabia ya kung'ang'ania saruji na bati kana kwamba pasipo vitu hivyo hapana nyumba, hali tunao udongo wa kuchomea matofali na vigae. Kemeo lile lilikuwa na haki, na juhudi zilifanyika: kiwanda cha matofali ya kuchoma kilianzishwa Kisarawe, nacho kitengo cha utafiti wa ujenzi, ambacho baadaye kilikuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kilijaribu vifaa vya hapahapa. Walakini sisi twaona kwamba si kila aliyetamani bati alikuwa na kasumba. Makuti huoza na kudai kuezekwa tena baada ya miaka michache, na moto ukiingia mtaani huruka paa kwa paa. Mama mjane aliyepangisha vyumba vyake alipochagua bati alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mhakiki asiyeiheshimu hesabu hiyo hatasikilizwa Segerea.

Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1980, ambapo mfuko wa saruji ulipatikana kwa kibali. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha za kigeni zao wenyewe kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa kufufua uchumi uliolegeza biashara kwa jumla. Tusisahau kwamba watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mlango uliofunguliwa ili ipite saruji na nondo ndio huohuo ambao, miaka ilivyoendelea, ulipitisha vitu vilivyokwisha kuwa vitu: mlango mzima, dirisha zima, kabati zima. Hapo ndipo tunapotaka msomaji atofautishe. Malighafi ikiingia nchini humkuta fundi na kumpa kazi. Bidhaa iliyokamilika humkuta fundi na kumpokonya kazi.

Tuihakiki sasa milango miwili, kama tunavyohakiki mashairi mawili. Mlango wa mbao huanza na macho. Seremala huichagua mbao iliyokauka, maana mbichi itapinda kwa unyevu wa pwani. Huenda kwenye boma akapima uwazi, kwa kuwa anajua waashi hawakosi kupishana nusu inchi. Hukata ulimi na tundu, vipande vikashikana. Huukuna, huusugua msasa, huutia vanishi. Ndani ya kazi hiyo mna hesabu, mna elimu ya miti, mna subira, na mna uso wa mtu: mjuzi akipita mtaani aweza kuwatambua mafundi kwa mikono yao, kama sisi tunavyomtambua malenga kwa vina vyake. Mlango wa chuma ulioletwa tayari hauna lolote la hayo kwa upande wetu. Umekuja na kipimo chake, na ukuta ndio uliochongwa ili ukae. Zamani mlango uliifuata nyumba. Sasa nyumba yaufuata mlango. Fundi hakuitwa kuunda, ameitwa kufunga. Na kufunga ni kazi ya nusu siku. Ukiwa wa bati jembamba, unyevu wa bahari utauanzia kutu chini, na kitasa chake kikivunjika mara nyingi hapana cha mfano wake cha kununua. Fundi ataulizwa, naye atajibu kwa unyonge: nunua mwingine.

Haki yataka tuuseme pia uzuri wa upande huo. Mlango huo ni wa bei nafuu kuliko mninga, hupatikana siku hiyohiyo, na hauchelewi kama mafundi wetu wachelewavyo. Tuseme kweli: ahadi za Jumatatu zilizotimizwa mwezi wa pili yake zimewafukuza wateja wengi kuliko meli yoyote. Tena si kila kipya kimeua ufundi. Vijana wengi wa Segerea hujipatia riziki kwa madirisha ya aluminiamu, na wengine kwa dari za jipsamu na kwa kutandika marumaru. Kutandika marumaru vizuri si mchezo; kwahitaji pimamaji, uzi, na jicho lisilodanganyika penye pembe. Aluminiamu huja kwa vipande virefu na fundi hukata mwenyewe. Kwa kipimo chetu, huyo ni mgeni aliyemponya mwenyeji. Na tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze vilipoanza kutengeneza marumaru katika miaka ya 2010, hata tofali lenyewe la sakafuni limeanza kuwa la hapa. Basi ugomvi wetu si na upya, wala si na China.

Aidha, tusimlaumu mgeni kwa kosa la mwenyeji. Kwa nini mninga, mkongo na mvule vimekuwa vya matajiri? Katika miaka ya kwanza ya 2000 magogo mengi ya mikoa ya kusini yalivunwa na kusafirishwa, sehemu kubwa yakienda China, na taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha jinsi biashara ile ilivyojaa magendo na hasara kwa Taifa. Kwa hiyo seremala wa Segerea alipigwa mara mbili: mti wake ulitoka bandarini ukiwa gogo, na mshindani wake aliingia kwa bandari ileile akiwa mlango. Hili halikuletwa na bei peke yake. Limeletwa pia na sisi wenyewe, tuliouza mti kwa thamani ya gogo.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haionekani dukani. Ni hasara ya mwanagenzi. Ufundi wetu haukuandikwa vitabuni. Ulikaa mikononi, na ulihamishwa kutoka mkono hadi mkono kwa kijana kukaa karakanani miaka kadhaa, akianza kwa kufagia maranda na kushika ncha ya pili ya msumeno. Karakana ikiwa na kazi moja kwa mwezi haiwezi kumlisha mwanagenzi. Fundi akiondoka duniani, huondoka na shule nzima. Pamoja naye huondoka maneno. Mwimo, kizingiti na mfaa ni maneno ya mlango. Kombamoyo, mtambaapanya na kiambaza ni ya nyumba ya miti. Kukandika, kutomea na kuezeka ni vitenzi vya kazi. Neno halifi kwa kukosa kamusi, maana kamusi zinayo. Hufa kwa kukosa mtu wa kulitamka akiwa ameshika kitu hicho mkononi.

Na gharama ya kufufua ufundi uliokufa tunaijua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyakarabati. Kuta za matumbawe na chokaa hazipendi saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka na ukuta ukaugua ndani kwa ndani. Yahitaji chokaa, na chokaa yahitaji mtu ajuaye kuichoma, kuilaza na kuikoroga. Ufundi ambao mababu waliurithishana pasipo gharama, sasa huhitaji mradi, wafadhili na mafunzo maalumu. Segerea haina magofu. Lakini itakapowatafuta maseremala wake, itawatafuta kwa bei hiyo.

Tufanye nini basi? Ushuru una kazi yake. Tangu mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki imetoza ushuru wa pamoja wa asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika kutoka nje, na mwaka 2022 iliongeza ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa, samani zikiwa miongoni mwake. Lakini ushuru hulinda bei tu. Hauwezi kumfunza kijana kupiga randa, wala kumfanya fundi atimize ahadi. Penye kasoro zetu ushuru utatupa muda tu wa kuzirekebisha. Wa kumfunza kijana ni karakana na chuo; wa kumfunza mnunuzi ni shule.

Hapo ndipo tunapowageukia walimu. Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa kupima mizani ya shairi aweza pia kufundishwa kupima mlango. Tunapendekeza kila shule iwape wanafunzi kazi hii: waende kwa mafundi wa mtaa wao, waandike majina ya zana, ya sehemu za nyumba na ya kazi zenyewe, jinsi mafundi wanavyoyatamka; kisha wachague kitu kimoja cha ujenzi kilichotoka nje na wakiulize maswali matatu. Je, fundi wa hapa aweza kukiunda au kukikata? Kikiharibika, chatengenezeka? Kijana akikifanyia kazi kwa mwaka mmoja, atakuwa amejifunza nini? Kitakachojibu vema, na kikaribishwe, hata kama kimevuka bahari saba. Kitakachoshindwa, mnunuzi na akinunue akilazimika, lakini ajue kwamba bei aliyolipa dukani si bei yote. Sehemu iliyobaki italipwa na kijana atakayepita mbele ya karakana iliyofungwa, akitafuta mahali pa kujifunza kazi.